Nguvu ya katikati kwenye tu-stroki za zamani: usianze na tupa

Pikipiki inayopandisha gunia la kahawa kwenye vilima vya Bududa haina kazi na mizunguko 9,000 kwa dakika. Inachotaka ni injini inayovuta kati ya 3,500 na 6,500, ikiwa gia ya pili au ya tatu, resi nusu, tope limeng'ang'ania gurudumu. Hapo ndipo tu-stroki (injini za mipigo miwili) kama Yamaha DT125, AG100 na Suzuki TF125 zilipojijengea heshima Uganda, na hapo ndipo nyingi kati ya zile zilizobaki zimeharibiwa. Mtu hununua moja iliyochoka, huona haina nguvu, huipeleka kwa fundi, na fundi huchukua tupa na kuinua poti ya moshi, lile tundu la ukuta wa silinda linalotoa moshi, milimita mbili. Bila mzigo injini inalia vizuri sana. Ikifika kilimani, inakata pumzi.

Nguvu ya katikati hutafutwa kwa njia nyingine: injini iliyozibwa vizuri, mbano sahihi, sindano ya kabureta isiyochakaa, na bomba la moshi lenye urefu unaolingana na mizunguko unayoitaka. Tupa huja mwisho, na mara nyingi haihitajiki kabisa.

Kwanza injini isivuje

Tu-stroki hutumia krenki kesi, lile boksi la chini lenye krenki, kama pampu. Pistoni ikipanda, hewa na petroli huvutwa chini yake. Ikishuka, mchanganyiko huo husukumwa kupitia transfa, njia zilizo ubavuni mwa silinda, hadi juu ya pistoni. Pampu ikivuja, hasara huonekana zaidi katikati kuliko juu, kwa sababu mizunguko ikiwa michache, kila mpigo hupata muda mrefu zaidi wa kuvuja.

Oili sili ya upande wa magneto ikichoka, injini hunyonya hewa ambayo haikupitia kabureta. Ukiachia resi, mlio huchelewa kushuka, na plagi hutoka nyeupe. Ikichoka ile ya upande wa klachi, injini hunywa oili ya giaboksi: moshi mzito, plagi yenye utando mweusi unaong'aa, na oili inayopungua ingawa chini hakuna tone. Kurekebisha kabureta ya injini ya namna hii ni kupoteza jeti (vile vitundu vya kupimia petroli) na petroli yenyewe.

Kipimo chake ni rahisi. Toa kabureta na bomba la moshi. Ziba poti ya moshi kwa kipande cha mpira wa tairi kilichokandamizwa na bamba la chuma. Kwenye mdomo wa kuingizia hewa weka kizibo cha mpira chenye valvu ya tyubu, na tawi lake uliunganishe na geji ya mashine ya kupimia presha ya damu, hata iliyotumika. Acha plagi mahali pake, shusha pistoni chini kabisa ili transfa ziwe wazi, kisha jaza hewa polepole hadi geji isome 260, ambayo ni sawa na psi 5. Usipite 300, kwa maana sili zinaweza kusukumwa zikatoka mahali pake. Geji isishuke zaidi ya 50 kwa dakika moja. Ikishuka zaidi, paka maji ya sabuni kwenye maungio yote, na uvue magneto ili uione sili iliyo nyuma yake. Sili ya upande wa klachi haionekani kwa nje, lakini ukiweka mpira mwembamba kwenye tundu la kupumulia la giaboksi na kuutumbukiza kwenye kikombe cha maji, mapovu yatakujulisha.

Kisha silinda. Kwa pistoni ya kawaida ya milimita 56 kwenye injini inayopozwa kwa hewa, nafasi kati ya pistoni na ukuta iwe milimita 0.04 hadi 0.06, pistoni ikipimwa karibu na mwisho wa sketi, upande unaokata mraba na pini. Ringi ikisukumwa peke yake ndani ya silinda, ncha zake ziachane milimita 0.20 hadi 0.40. Hapa kuna jambo linaloua injini nyingi mpya kuliko ubovu wa pistoni zenyewe: silinda ikitoka kwenye mashine ya kuchonga, kingo za poti huwa kali kama wembe, na fundi wa mashine hudhani wewe utazilainisha, wakati wewe unadhani yeye amekwisha. Zungushia kijiti msasa namba 240 na uvunje kila ukingo kwa nusu milimita hadi milimita moja, hasa juu na chini ya poti ya moshi. Ukiacha, ringi itanaswa na kuvunjika, na kipande chake kitaichimba pistoni na hedi (kifuniko cha silinda) pamoja.

Ukipima mbano kwa geji, fungua resi yote na ukumbuke urefu wa nchi yetu. Injini ambayo ingesoma psi 140 pwani itasoma karibu 120 Kampala, iliyo mita 1,200 hivi juu ya bahari, na karibu 110 Kabale inakokaribia mita 2,000. Watu wamenunua pistoni mpya kwa sababu ya tarakimu hiyo tu, huku ya zamani ikiwa nzima.

Kwa nini tupa inaua kilima

Chukua silinda ya kipenyo cha milimita 56 na stroki (mwendo wa pistoni) ya milimita 50, vipimo ambavyo DT125 na TF125 zote zinavyo. Tuseme konrodi ni milimita 100 kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini. Yako ipime, hesabu itabadilika kidogo tu.

Poti ya moshi ikianza kufunguka pistoni ikiwa imeshuka milimita 28.2 kutoka juu kabisa, krenki imezunguka digrii 90, na poti itakaa wazi digrii 180 za mzunguko. Ikifunguka kwenye 29.05, uwazi ni digrii 176. Ikifunguka kwenye 27.3, ni 184. Maana yake, kila milimita inayoliwa na tupa huongeza digrii 4 na nusu hivi. Yule aliyeinua milimita mbili ameifikisha poti 26.2, na uwazi umekuwa 189.

Hasara yake iko sehemu tatu. Kwanza, moto husukuma pistoni hadi poti ifunguke tu. Poti ikiwahi, msukumo umekatwa mapema. Pili, pistoni ikirudi juu, mchanganyiko mpya unatoroka nje kwa muda mrefu zaidi kabla poti haijafungwa. Kwenye mizunguko 8,000 wimbi linalorudi kutoka kwenye bomba hufika kwa wakati na kuusukuma ndani tena. Kwenye 4,500 wimbi hilo limekwisha kurudi mapema mno, na hakuna kitu cha kuuzuia. Tatu, ujazo unaobanwa kweli ni ule ulio juu ya poti ya moshi peke yake. Kwa silinda hii ni cc 69.4 poti ikiwa 28.2, na cc 64.5 baada ya tupa. Kama chumba cha moto ni cc 12, uwiano wa mbano umeshuka kutoka 6.8 hadi 6.4 bila mtu kuigusa hedi.

Kwa kazi ya mlima, tunapendelea poti ya moshi yenye uwazi wa digrii 172 hadi 180 na transfa za digrii 116 hadi 122. Tofauti kati ya kufunguka kwa poti ya moshi na kufunguka kwa transfa iwe digrii 27 hadi 30 za krenki. Mfano mzuri ni moshi 176 na transfa 120: moshi hufunguka kwenye digrii 92, transfa kwenye 120, tofauti 28. Kwa vipimo vya juu, transfa za 120 hufunguka pistoni ikiwa imeshuka milimita 39.9. Tofauti ikienda chini ya 25, gesi iliyoungua inakuwa bado na shinikizo wakati transfa zinafunguka, nayo inajipenyeza chini hadi krenki kesi na kuchafua mchanganyiko mpya.

Kupima ni kazi ya vernia na tochi. Toa hedi. Pistoni ikiwa juu kabisa, pima kina kutoka uso wa silinda hadi uso wa pistoni. Izungushe krenki polepole huku tochi ikimulika kutoka upande wa bomba, na mwanga wa kwanza ukipenya juu ya pistoni, pima kina tena. Toa cha kwanza kwenye cha pili, ndio mshuko wa pistoni. Rudia kwa transfa.

Kama vipimo vyako viko ndani ya mipaka hiyo, acha urefu wa poti jinsi ulivyo. Kama poti iko juu kidogo, fundi wa kerezo anaweza kukata kitako cha silinda. Mafundi wa Katwe, Kampala, huifanya kazi hii vizuri ukiwaletea silinda pamoja na kipimo kilichoandikwa, badala ya kuwaambia wakate kidogo. Kushusha silinda milimita 0.3 hupunguza uwazi wa moshi karibu digrii 1.4 na wa transfa karibu 1.8. Kiasi hicho hicho unaweza kukipata kwa kubadilisha gasketi ya chini ya 0.5 ukaweka ya 0.2. Lakini silinda iliyokwisha pandishwa milimita mbili haiponi hivyo: ukiishusha 0.8, moshi bado uko karibu 185 na transfa zimeshuka hadi 115. Dawa yake ni sleevu mpya yenye poti zilizokatwa kwa kimo cha kiwandani, au silinda nyingine.

Injini zisizo na ridi (vibapa vyembamba vinavyoruhusu mchanganyiko kuingia bila kurudi), ambazo sketi ya pistoni ndiyo hufungua poti ya kuingizia, zina tahadhari ya ziada. Ukishusha silinda, sakafu ya poti hiyo inashuka pia, poti inawahi kufunguka na kuchelewa kufunga, na kwenye mizunguko ya chini petroli hutemwa nyuma hadi kwenye chujio la hewa. DT125, TF125 na AG100 zina ridi, kwa hiyo haziguswi na tatizo hili.

Mahali tupa inapofaa ni kwenye maungio. Weka gasketi ya chini juu ya krenki kesi, kisha chini ya silinda, uone kama midomo ya transfa inalingana. Mara nyingi kuna ngazi ya milimita moja au mbili. Iondoe taratibu, pande zote mbili ziwe sawa, maana transfa ya kushoto ikivuma kuliko ya kulia, mchanganyiko hugeukia upande mmoja wa silinda na kutoka na moshi. Using'arishe ndani ya transfa. Inatosha iwe laini kwa kidole. Gasketi inayoning'inia ndani ya njia ikatwe kwa wembe.

Skwishi na hedi

Skwishi ni ile nafasi nyembamba kati ya ukingo wa pistoni na ukingo wa hedi pistoni ikifika juu. Ikiwa nyembamba vya kutosha, mchanganyiko ulio pembeni hurushwa katikati kwa kasi, moto huenea haraka, na pembeni hakubaki gesi ya kujilipukia yenyewe. Hii ndiyo nguvu ya katikati inayopatikana kwa bei ndogo kuliko zote, nasi tungeitanguliza hata mbele ya bomba.

Pima kwa waya wa risasi wa fundi redio, wa milimita 2. Kata vipande viwili, uvishike kwa grisi juu ya pistoni, kila kimoja kigusie ukuta, vyote viwe kwenye mstari wa pini. Ukiweka kimoja tu, au ukiviweka mbele na nyuma, pistoni itainama kidogo na kipimo kitadanganya. Funga hedi na gasketi yake kwa nguvu ya kawaida, ambayo kwa nati za M8 ni Nm 20 hadi 25, zungusha krenki kwa mkono mpaka pistoni ivuke juu, toa, na upime ncha zilizobanwa kwa vernia.

Injini nyingi zilizopitia mikono mingi husoma 1.5 hadi 2.0, kwa sababu mtu aliweka gasketi mbili au ya kukata mwenyewe. Lenga 1.0 hadi 1.1. Usiende chini ya 0.9 kwenye krenki yenye beringi za umri, maana mizunguko ikipanda kila kitu hunyooka kidogo na pistoni inaweza kugonga hedi.

Hedi inakatwa kwenye kerezo, au kwa subira juu ya kioo kinene chenye msasa namba 400, ukiisogeza kwa umbo la nane na kuigeuza robo kila baada ya muda. Kwa kipenyo cha 56, kila milimita 0.1 unayoondoa hupunguza chumba kwa cc 0.25 hivi. Ukitoka 1.6 kwenda 1.1 umepunguza cc 1.2, kwa hiyo ni lazima upime chumba upya.

Nunua sirinji kubwa duka la dawa. Pistoni ikiwa juu kabisa, paka grisi kuzunguka ukingo wake, futa ya ziada, funga hedi, lalisha injini tundu la plagi litazame juu, kisha mimina mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo mpaka yafike uzi wa chini wa tundu. Kiasi kilichotoka kwenye sirinji ndicho ujazo wa chumba. Kwa silinda yenye poti ya moshi kwenye 28.2, chumba cha cc 12.6 kinakupa uwiano wa 6.5, na cha cc 11.6 kinakupa 7.0. Anayejaza petroli kituoni anaweza kukaa kwenye 7.0 akiwa Kampala au sehemu zenye mwinuko zaidi. Anayenunua petroli ya chupa kando ya barabara abaki na 6.5, kwa sababu petroli hiyo mara nyingine imechanganywa na mafuta ya taa, nayo hulipuka kabla ya wakati.

Kama skwishi imekaa sawa lakini chumba kimekuwa kidogo mno, ongeza kina katikati ya kuba la hedi. Usiuguse ule ukingo bapa. Wapo wanaopunguza mbano kwa kuongeza gasketi ya pili. Hapo wamerudisha skwishi pana, na injini itagongagonga ikiwa na mbano mdogo kuliko ile iliyobanwa vizuri.

Sindano ndiyo katikati yenyewe

Watu wakisikia kabureta hukimbilia jeti kubwa. Jeti kubwa hutawala robo ya mwisho ya resi. Kuanzia robo hadi robo tatu, injini hulishwa na sindano pamoja na jeti ya sindano, lile bomba dogo la shaba ambalo sindano hupanda na kushuka ndani yake. Hapo ndipo mlima wote unapopandwa.

Kwenye Mikuni iliyofanya kazi miaka mingi, jeti ya sindano huwa imelika na kuwa yai. Dalili yake inajulikana: resi nusu injini inabubujika, moshi mwingi, petroli inakwisha haraka, lakini ukifungua resi yote inaamka. Fundi hupunguza jeti kubwa, sasa resi yote ikawa kavu (petroli chache mno) na katikati bado ni nzito (petroli nyingi mno). Hakuna kipini, kile kibanio kidogo kinachoshika sindano, kinachotibu jeti iliyolika. Badilisha sindano na jeti yake kwa pamoja, na uhakikishe alama zilizochorwa kwenye sindano ni zile za kabureta yako, kwa kuwa sindano mbili zinaweza kulingana urefu na kutofautiana mchongoko.

Ukishaweka mpya, bandika utepe wa karatasi wenye gundi kwenye mkono wa resi na uchore alama za robo, nusu na robo tatu. Panda kilima ukishika nusu. Injini ikibubujika kama inayokosa moto kila mpigo wa pili, mchanganyiko ni mzito: pandisha kipini tundu moja ili sindano ishuke. Ikisita, ikivuta kwa vipindi au ikitoa mlio wa kokoto kwenye kopo, ni kavu: shusha kipini tundu moja ili sindano ipande. Mlio wa kokoto usiuvumilie hata kwa kilometa moja. Jeti kubwa irekebishwe mwisho, kwa mwendo wa resi yote, kuzima injini ukiwa umeshika klachi, na kuisoma plagi hapo hapo.

Chujio la hewa lirudishwe. Kuondoa boksi la hewa huongeza kelele na kuondoa katikati, na vumbi la murram litamaliza ringi katika miezi michache. Sponji ioshwe kwa sabuni, ikauke, ipakwe oili, ikamuliwe mpaka isidondoke. Mpira kati ya kabureta na silinda ukiwa na nyufa, ubadilishe. Kuupaka silikoni ni kuahirisha siku ya pistoni kushika, yaani kukwama ndani ya silinda.

Bomba la moshi

Bomba la tu-stroki hufanya kazi kwa wimbi la shinikizo linalokwenda hadi koni ya nyuma na kurudi. Urefu wake, kuanzia uso wa pistoni hadi katikati ya koni ya nyuma, hukadiriwa hivi: zidisha digrii za uwazi wa poti ya moshi kwa 42,545, kisha gawanya kwa mizunguko unayoitaka. Jibu ni milimita. Kwa digrii 180 na mizunguko 7,000 unapata 1,094. Kwa 6,500 unapata 1,178. Kwa 8,000 unapata 957, na hilo ndilo bomba fupi la mashindano ambalo watu hulifunga kwenye pikipiki ya kubebea mizigo wakashangaa imekuwa goigoi.

Kwa hiyo bomba lenye koni likiwa limetengenezwa kwa mizunguko mikubwa, usilitupe. Kata shingo yake na uchomee kipande cha milimita 40 cha kipenyo kile kile: kwa bomba la 8,000 kilele kinashuka kwa mizunguko 320 hivi. Kipande kichomewe bila madonge kubaki ndani. Koni ndefu zinazofunguka na kufunga taratibu hutandaza nguvu. Fupi na za ghafla huikusanya mahali pamoja. Mrija mwembamba wa mwisho uwe na kipenyo cha ndani cha 0.58 hadi 0.62 ya kipenyo cha shingo: shingo ya 38 inataka mrija wa 22 hadi 23.5. Ukiwa mwembamba zaidi injini huchemka, ukiwa mpana zaidi hupoteza nguvu. Ndiyo maana kutoboa sailensa hakuleti nguvu.

Na bomba la asili? Kwa DT125 na AG100 ya kazi, la asili lililosafishwa linatosha. Masizi yaliyojaa humo ndani huiba nguvu kidogo kidogo hadi mwenyewe anasahau ilivyokuwa. Vuta kile kirija cha ndani chenye matundu, kichome moto hadi masizi yawe majivu, kigongegonge, rudisha. Gasketi kati ya bomba na silinda iwe mpya. Kuvuja hapo hudhoofisha wimbi.

Moto na ridi

Kwa stroki ya 50 na konrodi ya 100, digrii 20 kabla ya juu kabisa ni pistoni ikiwa milimita 1.87 chini, na digrii 22 ni 2.26. Anza na kipimo cha kiwandani. Kuwahisha moto kwa digrii moja au mbili husaidia katikati, lakini usifanye hivyo na kukata hedi siku moja, kwa kuwa vyote viwili huivuta injini kwenye mlio wa kokoto. Platini zifunguke milimita 0.3 hadi 0.4.

Ridi zikitazamwa kwenye mwanga zisiache nafasi ya zaidi ya milimita 0.3 kwenye ncha. Za chuma zenye ufa zibadilishwe mara moja, kwani kipande kinachovunjika huenda moja kwa moja kwenye krenki. Za faiba nyembamba kidogo huitikia haraka zaidi resi ikiwa ndogo, na zikivunjika madhara yake ni madogo.

Kupima kilimani, na kubadilisha jeti

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Chagua kilima chenye nguzo mbili za umeme, mzigo ule ule, gia ya tatu, uingie nguzo ya kwanza kwa kilometa 30 kwa saa na kufungua resi robo tatu. Msaidizi apime sekunde kwa simu hadi nguzo ya pili, mara tatu, injini ikiwa moto. Masikio hudanganywa na kelele ya bomba, sekunde hazidanganyiki.

Mabadiliko ya mwinuko nayo yanataka jeti. Ufukwe wa Ziwa Albert kule Butiaba uko karibu mita 620, Kabale inakaribia 2,000. Jeti kubwa ya 120 iliyofaa Butiaba inakuwa nzito Kabale, na pale 112.5 ndiyo itakayovuta. Kupanda na jeti nzito kunakupotezea nguvu tu. Kushuka na jeti ndogo ndiko kunakoshikisha pistoni, kwa sababu hewa inaongezeka na petroli haiongezeki. Jeti hizo ziwe za asili, maana namba iliyochorwa kwenye jeti ya bandia haithibitishi tundu lake. Funga ile ya 120 kwenye kitambaa, iweke chini ya kiti pamoja na bisibisi yake, na uibadilishe kabla ya kuanza kuteremka.